Kusikia kwa Miadi

Aliyesikia kitu ambacho sikio haliwezi kukisikia, amekijua au amekidhania tu? Swali hili la kale lina mahali pa kulipimia: redio za ridhaa, hasa namna ya kutuma iitwayo WSPR, iliyobuniwa mwaka 2008 na Joe Taylor, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya 1993. Kituo cha robo wati, pungufu ya taa ya sola, kikiwashwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kingetangaza mambo matatu basi: jina lake linaloanza na 5H, mraba wake wa ramani KI92, na kiasi cha nguvu zake. Maneno hayo huburutwa kwa karibu sekunde 111, yakianza katika dakika ya shufwa (shufwa na witiri, maneno ambayo hesabu na ibada zetu zimegawana), kwa toni nne zilizoachana pungufu ya hezi mbili. Aliyeko Ulaya akitega sikio atasikia mchakacho mtupu. Kompyuta yake, hata kelele ikiizidi ishara nguvu mara mia kadhaa, huandika: KI92.

Ni rahisi kusema mashine ina sikio kali kuliko letu. Sivyo. Kinachofanya mnong'ono usikike ni miadi: mpokeaji anajua utaanza saa ngapi, utadumu kiasi gani na utakuwa na umbo gani, hivyo hukusanya chembe kwa chembe kile ambacho papo kwa papo hakishikiki. Mafia ina ushahidi wake. Waingereza walikiteka kisiwa Januari 1915, wakarusha kutoka hapo ndege za kuiandama manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai ndege yao moja, iliyowabeba Cull na Arnold, ilipigwa. Huku ikishuka, Arnold aliendelea kugonga alama za Morse kuielekeza mizinga ya meli yao Severn. Angekuwa na sentensi za kutunga, asingefika popote. Herufi chache zilizokwisha kukubaliwa zilitosha, na tukiri, zilitosha kuua.

Mwenye shaka atauliza: anayejua atakachosikia, si atasikia anachokitaka? Ndivyo wanavyoambiwa watazamao mwezi: jicho lenye hamu ya Idi huona hilali hata penye ukungu. Pingamizi lina uzito, kwani programu nazo, mara mojamoja, huzua vituo visivyokuwepo. Lakini miadi huweka umbo, haiweki yaliyomo. Biti 50 za ujumbe hutandazwa katika alama 162, na ni nadra kelele tupu kuangukia mpangilio huo. Shahidi wa pili akiupata ujumbe uleule mji mwingine, shaka hupungua zaidi. Vivyo hivyo, kujua kwamba mwezi hutafutwa magharibi jioni ya tarehe 29 ya kalenda ya Kiislamu hakuuumbi mwezi. Mawingu yakitanda, sheria huagiza kukamilisha siku 30, bila kudai kwamba mwezi haukuwapo.

Basi kimya hakikanushi chochote? Hukanusha, ila pale tu palipokuwa na miadi. Kituo kilichoahidi saa yake kikinyamaza, ilhali majirani zake wanasikika, kimesema jambo. Anayelalamika kwamba dua yake haikusikiwa hana miadi ya namna hiyo: ameahidiwa jibu, hakuahidiwa saa wala umbo lake. Kimya anachokutana nacho si ushahidi wa upweke. Na kwa haki ileile, aliyepata alichoomba asikimbilie kukiita jibu. Hata ujumbe uliosikika kwa miadi kamili hueleza kidogo kuliko tunavyotamani. Mraba KI92 una Kilindoni, na una pia midomo ya Rufiji ng'ambo ya pili ya maji. Aliyeusoma Ulaya anajua kuna aliyesema. Kisiwani au bara, hajui.