Jani Lililegea, Maji Yakaongezwa

Mimea ya majani manene, kama mshubiri na kalanchoe, inapougua huweza kumpotosha hata mtu makini. Mizizi ikishaoza kwa maji mengi, majani hulegea na kunyong'onyea karibu sawa na ya mmea uliokosa maji kabisa. Mizizi iliyooza hainyonyi kitu, hata chungu kikiwa kimejaa maji. Mwenye mmea huona kiu, huongeza maji, na uozo husonga mbele. Nililiona hili likitokea hatua kwa hatua kwa jirani yangu hapa Nairobi. Ameniruhusu nilisimulie, nami nalisimulia kwa heshima, maana hakuna alilofanya ambalo mimi au wewe tusingelifanya.

Jirani huyu ni mwalimu mstaafu. Mwezi wa Mei alinunua mshubiri mkubwa kwa wauza miche wa kando ya barabara, mmea uliozoea jua tangu udogo wake. Nyumbani akauhamishia kwenye chungu cha kauri alichozawadiwa na binti yake, akajaza udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua, akauweka kwenye kona ya sebule mbali na dirisha. Chungu hakikuwa na tundu chini. Kila Jumamosi alipomwagilia maua mengine, mshubiri nao ulipata kikombe chake.

Kisha baridi ikaingia. Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti jua huonekana kwa shida, na mmea usiopata joto wala mwanga hunywa maji kidogo mno. Ratiba ya Jumamosi haikubadilika.

Dalili ya kwanza ilikuwa uzito wa chungu. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alipokuwa akifagia alikiona kizito kila alipokisogeza, hata Ijumaa, siku sita baada ya kumwagilia. Hakulitilia maanani. Chungu kisichopungua uzito ni chungu kisichokauka, na hii ndiyo dalili ninayotamani kila msomaji aishike kuliko nyingine zote, kwa sababu hutokea wakati majani bado ni ya kijani na mmea ungali unaweza kuokolewa bila kisu.

Jani la chini kabisa ndilo lililoanza kubadilika. Umanjano ulianzia pale linaposhikana na shina, ukapanda juu. Ukilibonyeza lilikuwa laini na baridi, likiingia ndani kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mwanga wa dirisha ulipenya upande wa pili. Mwalimu aliniita. "Jirani, njoo uone. Mshubiri wangu una kiu, majani yamelegea." Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikatazama kutoka mlangoni.

Jani lenye kiu halifanani na lile la mwalimu ukilishika vizuri. Huwa jembamba, lina mikunjo, ngozi yake ni ngumu, na udongo chini yake ni mkavu. Jani lililozidiwa na maji ni laini, linang'aa kwa unyevu wa ndani, na hung'oka kwa kuguswa tu. Jani moja kuukuu la chini likikauka polepole, lisiwe na umajimaji wala harufu, huo ni uzee wa kawaida wa jani. Liondoe uendelee na kazi zako. Macho peke yake hayatoshi hapa. Weka kidole kwenye jani, kisha kwenye udongo, ndipo useme ni kiu.

Maji yakaongezwa. Baadaye shemeji yake alikuja kumtembelea, akasema mmea una njaa, akaleta mbolea ya chumvichumvi iliyobaki shambani. Kwenye udongo uliolowa na mizizi iliyodhoofika, chumvi ile iliunguza hata mizizi michache iliyokuwa hai. Ncha za majani zikawa za kahawia. Vijidudu vidogo vyeusi vikaanza kuruka juu ya udongo, na mwalimu akanunua dawa ya wadudu kwenye agroveti. Vijidudu vile havikuwa vimeleta ugonjwa. Watoto wao huishi kwenye udongo mbichi wakila ukungu na vitu vinavyooza, kwa hiyo vilikuwa vikitangaza hali iliyoko chini. Chungu kikaanza pia kutoa harufu kila maji yalipomwagwa. Harufu hiyo wote waliokuja nyumbani waliisikia, na kila mmoja akadhani inatoka kwingine.

Jua liliporudi mwishoni mwa Agosti, mshubiri ulitolewa moja kwa moja kutoka kona ya giza hadi kwenye roshani inayopigwa na jua la alasiri. Siku chache tu majani yakawa mekundu-kahawia, na upande uliotazama magharibi ukapata mabaka makavu yaliyopauka. Wekundu ule ni kinga: mmea hutengeneza rangi hiyo kujihami na mwanga mkali, na huweza kurudi kijani ukipata kivuli chepesi. Mabaka yale ni ngozi iliyoungua, nayo hairudi. Mmea unaohitaji jua huzoeshwa kidogo kidogo, kuanzia jua la asubuhi.

Sasa majani yalikuwa na rangi tatu kutokana na makosa matatu, na kila mgeni alitaja ugonjwa wake.

Nadhani tungekuwa wavumilivu zaidi kama tungejua mimea hii inavyoishi. Katika barua iliyochapishwa mwaka 1815, Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, alieleza kuwa majani ya aina moja ya kalanchoe yalikuwa makali mno kwa uchachu asubuhi, lakini uchachu huo ulitoweka mchana ulipoendelea. (Usijaribu kuonja, kalanchoe ina sumu.) Baadaye wataalamu walielewa sababu. Mimea ya aina hii hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati kuna ubaridi, huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana hufunga vitundu na kuitumia. Mshubiri nao huishi hivyo. Maji yanayopotea ni kidogo sana, ndiyo maana wakati wa baridi wiki tatu au nne zinaweza kupita bila mmea kuhitaji hata kikombe.

Hatimaye, mimi na mwalimu tulipouchomoa mshubiri wake, ulitoka bila ubishi. Mizizi ilibaki kwenye tope. Ile tuliyoivuta kwa vidole ilivua ganda lake la nje, likabaki mkononi, ukaonekana uzi mwembamba wa ndani. Mzizi mzima huwa imara, wa rangi ya krimu au njano. Tulikata shina kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, tukitafuta mahali penye nyama safi, lakini ukahawia ulifika hadi moyoni. Mmea mama haukuokoka. Mwalimu alitaka tupande majani yaliyobaki, nami nikamwambia, "Mwalimu, jani la mshubiri halioti, litaoza tu. Kalanchoe ndiyo huota kwa jani."

Tulipata vichipukizi viwili vilivyokuwa na mizizi yao wenyewe. Tuliviacha kivulini siku tano vidonda vikauke, tukavipanda kwenye chungu cha mfinyanzi chenye tundu, nusu udongo na nusu mchanga mkavu wa mto uliochanganywa na kokoto ndogo. Wiki ya kwanza hatukuvimwagilia. Tangu hapo mwalimu huchomeka kijiti cha mishikaki hadi chini ya chungu; kikitoka kikavu na safi, humwagilia hadi maji yatoke chini, kikitoka na udongo ulioganda, huondoka.

Ndugu msomaji, kama una mmea wa majani manene kwenye chungu kisicho na tundu, uhamishe leo, hata kama bado ni kijani. Jani likibadilika rangi, weka chini mbolea na dawa kwanza, uchomoe mmea, uitazame mizizi. Ukishautibu, usihesabu kupona kwa majani ya zamani. Tazama katikati, pale jani jipya linapochomoza: likiwa gumu na la kijani, mizizi inafanya kazi. Majani yenye mabaka ya jua yaache, bado yanaulisha mmea. Lililo laini ndilo la kukata, na kisu ukipanguse kabla ya kukigusisha kwenye mmea mwingine.