Saini ya mhandisi ni amana



Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona lundo la nafaka. Alipoingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ilinyeshewa mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mdanganyifu si katika watu wake.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Mnunuzi wa nafaka anaweza kuingiza mkono kwenye lundo. Mpangaji wa ghorofa ya nane hawezi kuuingiza ndani ya nguzo akahesabu nondo. Anaona plasta na rangi tu. Kilichobaki ni saini ya mhandisi, na saini hiyo ni amana. Allah (s.w.) ametuamuru katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mhitimu afanye kazi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi kamili, na wahandisi hula kiapo. Hilo ni jema. Lakini kiapo cha siku moja kitamsaidia nini mtu aliyesoma miaka minne bila kuulizwa: mwenye jengo akikuamuru upunguze nondo, utafanyaje? Basi wanaokagua vyuo ili kuvipa ithibati wasihesabu maabara na shahada za walimu tu. Waulize pia maadili yanafundishwaje na yanatahiniwaje.

Kijana mmoja niliyemfundisha dini aliniambia: "Ustaadh, nikikataa kusaini, kesho sina kazi, na nina mke na mtoto." Sikumwambia ni jambo jepesi. Nilimwambia aweke pingamizi lake kwa maandishi, na riziki iko kwa Allah (s.w.).

Lakini swali linaturudia sisi. Tunachinja mbuzi vijana wetu wanapopata digrii. Je, yule atakayefukuzwa kwa kusimamia haki, tutamchangia kodi ya nyumba? Tukimwacha peke yake, tusishangae siku akisaini.

Wabillahi tawfiq.