Zawadi Yenye Faida kwa Mtoaji
Julai 2022 kampuni ya Meta ilitoa bure NLLB-200, modeli ya akili bandia inayotafsiri lugha 200, Kiswahili kikiwamo. Kitabwa, kinachosemwa kusini mwa mji wa Kalemie nchini Kongo (DRC), hakimo. Mwaka 2023 ikafuata Llama 2, modeli nyingine ya Meta. Meta huishi kwa matangazo: modeli zikiwa bure, washindani wanaoziuza zao hubanwa, na mafundi wa nje huziboresha bila mshahara.

Je, kitolewacho kwa faida ni zawadi? Mwanaanthropolojia Marcel Mauss, mwaka 1925, alionyesha kwamba zawadi humfunga mpokeaji. Hapa kifungo ni leseni: NLLB-200 hairuhusiwi kutumika kibiashara. Lakini nia ya mtoaji haifuti manufaa. Mwalimu wa Kalemie anayewatafsiria wanafunzi somo la Kifaransa kwa modeli hii hunufaika kweli. Uzito uko kwenye masharti, ambayo mtoaji huyaandika peke yake, na katika toleo lijalo anaweza kuyabadili.