Utamu Usiozimwa

Kila pambo lina swali lake. Mtu akivaa mkufu siku ya harusi, walimwengu hujua kuwa ni pambo, kwa sababu kesho yake huuvua. Lakini akiuvaa usiku na mchana, mwaka hata mwaka, yamkini watoto wake hawataijua kamwe shingo yake bila ya mkufu. Je, hapo mkufu ungali pambo, au umekuwa sehemu ya mtu? Swali hili limewakuta wapigaji wa gitaa la umeme wa zama hizi, nao hulijibu kila siku kwa vidole na nyayo zao pasipo kulitamka.

Wapigaji hao wana kifaa kidogo kiitwacho busta. Kazi yake ni kuutia nguvu umeme utokao katika gitaa kabla haujafika katika amplifaya. Nyongeza ya desibeli 6 tu hukifanya kimo cha wimbi la umeme huo kuwa mara mbili. Kwa kawaida busta hukanyagwa kwa mguu mpigaji anapotaka kusikika mbele ya wenzake, kisha huzimwa. Lakini wako wanaoiacha wazi tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, ikiongeza kidogo tu, kwa kuwa sauti yote huonekana kupata unono na utamu.

Desturi hii si ngeni. Mtambo wa mwangwi uitwao Echoplex EP-3, uliotoka Marekani mnamo mwaka 1970, uliundwa ili kurudia sauti kwa njia ya utepe. Wapigaji waligundua kuwa hata mwangwi ukiondolewa, kule kupita tu ndani ya mtambo kuliipendeza sauti. Basi wengine wakabeba mzigo mzima kwa ajili ya tunu ambayo haikuwa shabaha yake.

Katika mitambo ya kidijitali, iliyoenea baada ya Line 6 kutoa kifaa chake cha POD mwaka 1998, haja ya utamu imezidi. Humo hamna valvu iwakayo. Wimbi la gitaa hupimwa, aghalabu mara 48,000 kwa sekunde, likageuzwa kuwa tarakimu. Na tarakimu hizo hufanyiwa hesabu ya kuiga amplifaya. Wengi husema sauti itokayo ni safi lakini kavu, na dawa yao ni busta isiyozimwa. Valvu ya kweli ikisukumwa na wimbi kubwa huvilainisha vilele vya wimbi, na kulainika huko huzaa sauti ndogo ndogo juu ya sauti ya asili. Hesabu njema huiga tabia hiyo. Lakini mlango wa kuingilia tarakimu hauna upole: wimbi likizidi kipimo cha mwisho, hukatwa kama kwa shoka, na sauti hukwaruza. Kwa hiyo msaada ule ule ni asali mahali pamoja na shubiri mahali pengine.

Baadhi ya watu hudai kuwa utamu wa kudumu ni uongo, maana mpigaji hujivika sauti isiyo yake. Dai hili lina sura ya haki, lakini halina miguu. Gitaa la umeme halina sauti tupu iliyofichwa. Uzi wake hutikisika mbele ya sumaku, sumaku huzaa umeme, umeme hukuzwa, na spika huurudisha hewani. Nani awezaye kuonyesha kwa kidole mahali ukweli ulipokoma na pambo lilipoanza? Katika mtambo wa tarakimu, hata amplifaya yenyewe ni mfano. Kumshitaki mtumiaji wa busta peke yake ni kumshitaki mtu mmoja kwa desturi ya mji mzima.

Hatari iko kwingine. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kuwa sikio halizisikii sauti zote kwa usawa: sauti nzito hupotea upesi zaidi zinapopigwa kwa chini, na hurudi zinapokuzwa. Kwa sababu hiyo kitu kilichoongezwa nguvu huonekana kitamu, hata kama hakikuongezwa ila nguvu. Mpigaji akanyagapo busta na kuifurahia, huenda anaufurahia ukubwa, si uzuri. Na asipoizima kamwe, hatalijua kosa lake, kwa maana mazoea huziba masikio kuliko pamba. Kipimo cha haki ni chepesi: sauti yenye busta ipunguzwe mpaka ilingane kwa ukubwa na sauti isiyo na busta, kisha zisikilizwe kwa zamu. Utamu ukibaki, ni wa kweli. Ukitoweka, ulikuwa kelele iliyovaa joho la utamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hasara ya pili humwangukia msikilizaji. Vilele vikilainishwa daima, tofauti ya mnong'ono na ukelele hupungua. Wimbo ambao kila neno lake limekazwa hauna neno lililokazwa.

Hata hivyo, kuna mfano unaotoa nuru. Brian May wa Uingereza, ambaye alianza kuliunda gitaa lake pamoja na baba yake mwaka 1963, akiuchonga mkono wake katika ubao wa meko kuukuu, amejulikana kwa kupiga huku busta ikiwa wazi mbele ya amplifaya ya Vox AC30. Lakini kidole chake hakiachi kirungu cha sauti kilicho katika gitaa. Akikipunguza, sauti hutakata, akikizidisha, hunguruma. Msaada haukuzimwa, lakini haukukabidhiwa mamlaka. Mkono ungali bwana.

Jibu la swali la mkufu limo humo. Adabu nayo ni utamu usiozimwa. Mtu aliyeizoea tangu utoto hasemi uongo akijibu kwa upole. Aristotle alifundisha kuwa wema wa tabia hupatikana kwa mazoea, na lililozoewa kwa hiari huwa la mtu mwenyewe. Lakini mpole asiyeweza kuupunguza upole wake wakati haki inapohitaji neno kavu, huyo si mpole tena; ametekwa na sauti yake. Sifa zake hazina thamani, kwa kuwa humwendea kila mtu kwa kipimo kimoja. Basi aibu ya pambo si kudumu kwake. Aibu ni kudumu bila ya kupimwa na bila ya mkono wa kuliongoza. Aliyeijua shingo yake tupu huvaa mkufu. Asiyeijua huvaliwa nao.