Je, Nyoyo za Watu Zimetengenea? Mawaidha juu ya Heshima ya Mwanadamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema ni zake Mola wa viumbe vyote. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Barazani, baada ya sala ya alasiri, watu hubishana sana juu ya jambo moja. Mzee husema dunia imeharibika: vijana hawana haya, amana hailindwi, jirani hamjui jirani yake. Kijana humjibu kwamba dunia imetengenea: zamani mtu akiuzwa kama mbuzi, leo hauzwi; zamani mnyonge hakuwa na pa kushitakia, leo anayo mahakama. Kila mmoja ana mashahidi wake, na adhana ya magharibi huwakuta hawajakata shauri. Walakini ni nadra mmoja wao kuuliza swali lililo zito kuliko yote: Mwanadamu dhaifu, asiye na ukoo wa kumtetea wala mali ya kumkinga, je, hulala salama leo kuliko alivyolala miaka mia iliyopita? Hiyo ndiyo mizani. Tabia ya watu haipimwi kwa heshima wanayompa mwenye nguvu, maana huyo huheshimiwa kila zama.

Mwenye kutaka kuitumia mizani hii na aende mbali kidogo na pwani, hata wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Ni nchi ya tambarare, ya pamba na mtama na ng'ombe wengi, na mvua yake ni chache. Huko Mwadui, mwaka 1940, John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi. Na mwaka 1947 ikatoka almasi ya rangi ya waridi ambayo Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Na katika nchi hiyo hiyo ya almasi, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu.

Wekundu ule una asili yake, nao si uchawi. Zamani za utawala wa Waingereza, misitu na vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o, na watu wakazidi kukata kwa ajili ya mashamba ya pamba. Kuni zikawa adimu, wanawake wakapikia samadi ya ng'ombe iliyokauka. Moshi wa samadi huuma macho, na mwanamke aliyeinama juu yake miaka hamsini, macho yake huwa mekundu. Basi mtoto akifa kwa homa, au ng'ombe wakipukutika, mtu huenda kwa mpiga ramli, naye humwonyesha kikongwe yule. Usiku huja watu na mapanga. Yaani mikono ya watu ilikata miti, kukosa miti kukaleta moshi, moshi ukaleta wekundu, kisha wekundu ukafanywa ushahidi wa kumwaga damu. Na pengine nyuma ya neno la mpiga ramli pana shamba alilobakiwa nalo mjane, na jamaa wanaolitamani.

Mtu wa pwani akisikia habari hizi hutikisa kichwa, akasema, "Hao ni watu wa bara, ujinga umewatawala." Kisha huinua kikombe chake cha kahawa akanywa. Hapo ndipo penye hatari kwa dini yake.

Kwa maana nchi ile si ngeni kwa mababu zake. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda hata Tabora. Na toka Tabora tawi moja lilikwenda Ujiji, na jingine likalikabili ziwa, likipita nchi ya Wasukuma. Wengi wa wenye misafara walikuwa watu wa sala tano. Walifunga Ramadhani na kutoa zaka. Na wengine katika hao walirudi na pembe za ndovu na watu wa minyororo. Watu hao walipofikishwa pwani wakahesabiwa katika mali, wakarithiwa pamoja na minazi na nyumba. Wenye kuwamiliki hawakujiona waovu. Na hilo ndilo la kutisha kuliko minyororo yenyewe: dhuluma iliyozoeleka haina harufu puani mwa aliyezaliwa ndani yake.

Wala hawakukosa mwongozo. Qurani, katika Sura ya Al-Balad, imehesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda njia ya mlimani ambayo mwanadamu huikwepa. Mlango wa kutokea uliwekwa wazi na dini. Watu wenye tamaa wakaupanua mlango wa kuingilia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Sayyid Barghash, baada ya Waingereza kumshurutisha. Hukumu ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Ni kweli kwamba hao Waingereza nao walikuwa wafanya biashara hiyo hiyo hata mwaka 1807, wala hawakuja kwa usafi mtupu. Lakini yampasa Muislamu kuinamisha kichwa akikumbuka kwamba sauti iliyofunga soko lile ilitoka katika manowari kabla ya kutoka katika mimbari. Na ahesabu msomaji: toka mwaka 1922 hata leo ni miaka mia na kidogo tu.

Basi je, kijana wa barazani ana haki? Ana haki. Leo hapana mtu awezaye kusimama sokoni akamnadi mwenziwe mchana, na hilo si dogo. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi wa Mwadui, ilikubali kulipa hata pauni milioni 4.3 kwa mapatano na watu walioshitaki Uingereza kwamba wao au jamaa zao walidhuriwa na walinzi wa mgodi. Miaka mia iliyopita mwanakijiji wa Kishapu asingalithubutu hata kuota kwamba malalamiko yake yatasikilizwa London. Heri hii haikanwi, na kuikana ni kuikufuru neema.

Lakini mzee naye ana haki. Kwa maana katika karne hii mpya, na zaidi toka mwaka 2007, ilidhihiri katika nchi za ziwa, Shinyanga na Geita na Mwanza, biashara ambayo hata wenye misafara hawakuijua. Watu wenye ualbino, ambao Mwenyezi Mungu amewaumba na ngozi isiyo na rangi, waliuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga waliwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha mtu huyo huleta utajiri. Zamani akiuzwa mtu mzima mzima. Hapa ukauzwa mkono wake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Watoto wengine walikusanywa katika shule ya Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa, mbali na mama zao. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Na bado mwaka 2024, huko Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto mdogo wa kike alinyang'anywa mikononi mwa mama yake akauawa.

Na aulize mwenye akili: anunuaye ni nani? Mchimbaji anayelala njaa machimboni hana fedha za kulipia kiungo cha mtu. Mwenye fedha hizo ni tajiri, na pengine amesoma, ana simu mkononi na motokaa mlangoni. Basi elimu ya dunia peke yake haikumsafisha. Zamani za ujahili Waarabu walizika mabinti zao hai kwa kuogopa umaskini na aibu, na Sura ya At-Takwir imebainisha kwamba binti yule ataulizwa Siku ya Kiyama ni kwa dhambi gani aliuawa. Kikongwe wa Kishapu ataulizwa hivyo hivyo, na mtoto wa Muleba kadhalika. Na jawabu zao zitawahusu wengi zaidi ya walioshika mapanga.

Zitawahusu nani? Na alitazame Muislamu wa pwani neno ramli. Si neno la Kisukuma. Ni neno la Kiarabu, maana yake mchanga, na limepita pwani kabla ya kufika bara. Hata leo, mganga wa bara akitaka kuogopwa hudai kwamba amejifunza Tanga, au Bagamoyo, au Pemba. Kitabu cha falaki, hirizi iliyoshonwa, mchanga uliochorwa mistari: vitu hivi viliuzwa na watu waliojua kusoma kwa watu wasiojua. Na Mtume (rehema na amani zimshukie) ameonya kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumsadiki amekwisha kuyakataa yaliyoteremshwa kwake. Basi mwenye kutazamiwa nyota kwa siri Jumatano, kisha akasimama safu ya mbele Ijumaa, asimcheke Msukuma. Mti ni mmoja. Huku pwani pana mizizi, kule bara yameonekana matunda.

Kadhalika jambo la ukoo. Minyororo ilikatwa, lakini ulimi haukukatwa. Wako pwani wasiokubali kumwoza binti yao kijana mcha Mungu kwa kuwa babu wa babu yake aliletwa na msafara, nao hulifunika jambo hilo kwa neno kufu. Ilhali Mtume alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, Bibi Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Na Bilal, aliyenunuliwa akaachwa huru, ndiye aliyechaguliwa kuwaita watu kwenye sala. Mwenye kujiona bora kuliko hukumu ile na aogope.

Wala pwani haikukosa jema la kutajwa. Mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Katika miaka ile ile ambayo mwili wa mtu kama yeye ulipewa bei kule ziwani, wao walimpa sauti yao. Hivyo ndivyo nyoyo zinavyotengenea: si kwa kupita miaka, bali kwa watu kuchagua.

Basi mzee na kijana wote wamekosea mahali pamoja. Wamedhani wema ni mto utembeao wenyewe, mmoja akisema unapanda na mwenziwe akisema unashuka. Sheria hurithiwa, lakini moyo haurithiwi. Kila anayezaliwa huanza na moyo wake mwenyewe, na tamaa humngoja mlangoni. Wa zamani hawakuiona dhuluma yao. Wa leo na wajiulize ni ipi wasiyoiona, ambayo wajukuu wao watashangaa kwa ajili yake.

Mwenye kusoma haya na ayashike matatu. Na aiache ramli na kila mwenye kuipiga, hata akiwa jamaa yake. Na aufute ukoo katika mizani ya ndoa, aiweke dini na tabia. Na atakapomsikia mtu akimtuhumu kikongwe au akimdhihaki aliyeumbwa tofauti, asinyamaze na kikombe mkononi.

Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo, awalinde wanyonge wa bara na wa pwani, na awasamehe waliotangulia na wanaofuata. Amin.