Vigae vya Mfinyanzi

Masomo: Yeremia 18:1-6 na 19:1-11



Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida twaitaja methali hii kwa kucheka, tukimfikiria fundi anayewauzia wenzake vyungu vizuri, huku kwake chakula kimepakuliwa katika kipande. Lakini mtu aliyewahi kuketi uani kwa mfinyanzi ajua kwamba kigae huko si takataka. Hupalia moto, hufunikia chungu, hunyweshea kuku. Na ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, ambayo nitaieleza.

Nabii Yeremia alitumwa mara mbili kwa habari ya kazi hii. Mara ya kwanza aliteremka nyumbani kwa mfinyanzi, akamkuta akifanya kazi kwa magurudumu. Chombo kikaharibika mkononi, naye fundi akaufinyanga udongo ule ule kuwa chombo kingine. Sura hii twaipenda sana, nami nimeihubiri mara nyingi, hasa kwa vijana wa kipaimara. Udongo wao ungali mbichi.

Sura inayofuata ni nadra kuisikia mimbarani. Hapo nabii anaamriwa anunue gudulia lililokwisha kuchomwa, atoke na wazee mpaka bonde la Hinomu, alivunje mbele ya macho yao. Liwe ishara ya mji utakaovunjwa, usiweze kutengenezwa tena. Ndivyo ilivyo: chombo kilichopita motoni hakirudi kuwa udongo. Ukiloweke majini mwaka mzima, kitabaki kigae.

Basi twamwambia nini mtu wa miaka hamsini ambaye ndoa yake ilivunjika zamani? Au yule aliyekula fedha za watu, akafungwa, akatoka? Kumsomea sura ya 18 peke yake ni kumdanganya. Huyu si udongo mbichi, naye mwenyewe ajua.

Hapo ndipo nawakumbuka akina mama wafinyanzi. Huko Nyanza, nchini Kenya, miongoni mwa Wajaluo, kazi hii ni ya wanawake, na mara nyingi bibi harusi aliyeolewa katika boma la wafinyanzi hufundishwa na mama mkwe wake. (Wakwe wangapi leo wanafundishana lolote ila kununiana?) Hawana gurudumu kama la fundi wa Yeremia. Huufinyanga udongo kwa mikono, wakiupandisha kidogo kidogo, wakikwangua, wakilainisha. Kisha chombo hukaa kivulini kikauke polepole, maana jua kali hukipasua. Mwisho huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, pasipo tanuri, na joto hupita digrii 600.

Sasa udongo mtupu, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi safari hiyo. Ukikauka husinyaa na kufanya ufa. Ukitiwa motoni, maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na mvuke usipopata njia chombo hupasuka kwa kishindo, pengine na kuwavunja majirani zake. Kwa hiyo wafinyanzi wa mkono huchanganya kitu ndani ya udongo. Wengine hutia mchanga. Wengine huchukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, huvitwanga na kuvichekecha, wakavikanda pamoja na udongo mpya. Chembe za kigae zimekwisha kupita motoni, kwa hiyo hazisinyai tena. Huushikilia udongo mbichi unaozizunguka, nazo huupa mvuke njia ya kutokea.

Mtungi uliofinyangwa hivyo huvuja jasho taratibu, upepo hulikausha, na kwa sababu hiyo maji ya ndani hupoa hata wakati wa kiangazi. Ndoo ya plastiki haiwezi hilo. Nawe ukipewa kata ya maji baridi, hutaona kigae hata kimoja. Kimo ukutani mwa mtungi.

Sisemi kwamba Yeremia alikuwa akifikiri haya. Neno lake lilikuwa hukumu, na hukumu ilikuja. Wala sisemi kigae hurudi kuwa gudulia. Mke aliyefukuzwa hakurudi, na watoto walikua bila baba. Toba haifuti miaka hiyo. Nasema tu kwamba moto uliomvunja mtu umemfundisha jambo ambalo udongo mbichi haulijui, na kwamba walio wabichi wanamhitaji karibu nao kabla moto wao haujawashwa.

Katika parokia moja niliyotumika zamani, baba mmoja aliyekuwa mlevi kwa miaka mingi, kisha akaacha, aliomba kusaidia darasa la kipaimara. Wazee wa kanisa walikataa. Walisema vijana wangemcheka, na kanisa lingedharauliwa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikao, na nilinyamaza. Nilijiambia kwamba amani ya kikao ni bora. Alipoambiwa jibu, alisema, "Sawa, mchungaji," akashukuru. Aliendelea kuja kila Jumapili, akiketi benchi la mwisho karibu na mlango. Vijana wawili wa darasa lile walikuwa wamezama katika pombe kabla sijahamishwa. Sijui kama angewaokoa. Najua ya kuwa hakuna mwingine kati yetu aliyejua ladha ya asubuhi zao, naye alikuwa ameketi pale pale, hatua kumi kutoka kwao.

Darasa la kipaimara linaanza tena baada ya mavuno, na twahitaji walimu wawili. Wenye kujitoa waniletee majina yao baada ya ibada. Mimi nami nitapita kuuliza, na safari hii nitaanzia benchi la nyuma.