Deni la Breki za Nyuma

Je, mtu ana wajibu gani juu ya ubovu usioonekana? Nilijiuliza hivyo fundi alipofungua magurudumu ya nyuma ya Toyota Starlet yangu ya mwaka 1992. Kwa uzee, silinda moja ilikuwa ikivuja, na mafuta yamelowesha viatu vya breki. Hata hivyo gari lilikuwa likisimama, na hakuna abiria aliyelalamika.

Lilisimama kwa sababu dereva akikanyaga breki uzito huelemea mbele, na magurudumu ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana ubovu wa nyuma huweza kujificha kwa muda mrefu. Lakini mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni hakuniruhusu niweke rehani uhai wao kwa hoja ya "bado zinashika".

Fundi akashauri tuondoe dramu, tufunge diski. Nani hapendi kilicho bora? Ila nguvu peke yake si usalama. Breki za nyuma zikizidi nguvu pasipo kurekebisha mfumo mzima, magurudumu hayo hujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari huweza kuzunguka barabarani. Nikachagua silinda mpya pande zote mbili, viatu vipya na mafuta mapya.

Naam, msomaji, kutengeneza kilichoharibika ni deni letu kwa wenzetu. Kuongeza nguvu bila kipimo huenda ikawa fahari yetu tu. Basi tulipe deni kwanza.